Daraja Lililoanguka Mara Mbili

Katika kijiji kimoja ninachokijua, wazazi walijenga darasa la watoto wao kwa mikono yao wenyewe. Wanaume walichimba msingi na kufyatua matofali, akina mama walichota maji na kusomba mchanga, vijana walichanja kuni za tanuru. Kazi ikaisha, bati likaezekwa, watoto wakaingia kwa nyimbo. Kila mtu alifurahi.

Mvua za kwanza zilipokwisha, ufa mwembamba kama uzi ukaonekana kwenye pembe ya ukuta. Fundi akautazama akasema, “Hiyo ni lipu tu, si kitu.” Wakapaka chokaa, ufa ukafichika. Mvua za mwaka wa pili zilipopita, ufa ukarudi, na safari hii mtoto aliweza kuingiza kidole chake ndani.

Kamati ikakutana chini ya mwembe. Mmoja akamlaumu fundi, fundi akalaumu saruji, mwingine akalaumu mvua. Wako hata walionong’ona habari za uchawi. Ndipo mama mmoja aliyekaa nyuma akainuka akasema, “Shikamooni wazee wangu. Mimi nilikuwa nikileta maji siku ile ya kuchimba. Pembe ile mlifika kwenye udongo mweusi, nanyi mkaacha kuchimba kwa sababu jua lilikuwa limekuchwa na fundi alikuwa na haraka. Niliona, lakini nilijiuliza, nani atamsikiliza mchota maji?”

Watu wakanyamaza. Mzee mwenyekiti akainamisha kichwa.

Wasomaji wapenzi, tutarudi chini ya mwembe ule kabla ya kumaliza. Lakini kwanza nataka kuwasimulia habari ya kazi nyingine, kubwa mara elfu, iliyofanywa na watu wenye elimu nyingi na fedha nyingi, nao wakakosa kosa lile lile.

MTO MPANA WA KANADA

Katika nchi ya Kanada uko mto mkubwa uitwao Saint Lawrence. Kando yake umejengwa mji wa Quebec. Wakati wa baridi mto ule hujaa mabonge ya barafu, na watu wa zamani walipata taabu kubwa kuuvuka. Basi mwanzoni mwa karne iliyopita wakaazimu kujenga daraja la chuma, garimoshi lipite juu yake.

Daraja lenyewe lilikuwa la namna hii. Kila upande wa mto ilijengwa nguzo kubwa ya mawe ndani ya maji. Juu ya nguzo hiyo ukawekwa mkono mkubwa wa chuma kama mti wa mizani: ncha moja imefungwa barabara upande wa nchi kavu, ncha ya pili inanyoshwa juu ya maji pasipo kitu cha kuishika chini. Mikono miwili ya pande mbili ikikaribiana, kipande cha katikati huwekwa baina yao, na njia inakuwa moja. Katika daraja la namna hii vyuma vya juu huvutwa kama kamba, na vyuma vya chini husukumwa kama fimbo anayoiegemea mzee. Fimbo ikiwa nyembamba kuliko uzito wa mzee, hupinda kwanza, kisha huvunjika.

Injinia mkuu aliyetakiwa kuangalia kazi yote alikuwa Bwana Theodore Cooper wa New York, mtu mwenye sifa kubwa katika Marekani nzima. Kazi ya kuchora na kuunda vyuma ilipewa kampuni ya Phoenix Bridge, yenye makao yake mji wa Phoenixville katika jimbo la Pennsylvania.

HESABU ISIYORUDIWA

Kwanza ilikusudiwa kwamba nafasi kati ya nguzo mbili za mtoni iwe futi 1,600. Baadaye, mwaka 1900, Bwana Cooper akaiongeza ikawa futi 1,800, ili nguzo zikae mahali penye maji haba zaidi na kuepukana na nguvu ya barafu. Kwa nyongeza hiyo daraja lingepita hata lile la Forth la Uskochi, lililokuwa na nafasi ya futi 1,710, na kuwa refu kupita yote ya namna yake duniani.

Kuongeza nafasi si kosa. Kosa lilikuwa hili: daraja refu zaidi ni daraja zito zaidi, na ilipasa uzito wote uhesabiwe upya tangu mwanzo. Haukuhesabiwa. Wachoraji waliendelea kutumia makisio ya zamani. Vyuma vilipokwisha kuundwa na vingine kupandishwa, mwaka 1906, ndipo ilipogunduliwa kwamba daraja ni zito kuliko walivyodhani. Sasa wangefanyaje? Kuanza upya kungekula fedha nyingi na miaka mingi. Bwana Cooper akapima akaona kwamba vyuma vitastahimili, akaamuru kazi iendelee.

Kabla ya hapo serikali ya Kanada ilitaka kumweka injinia mwingine azipitie hesabu zake. Bwana Cooper hakupendezwa, akakataa, naye kwa ajili ya sifa zake akasikilizwa. Hivyo hapakuwa na jicho la pili. Tena alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya sitini, mwenye afya dhaifu. Tangu vyuma vilipoanza kusimamishwa juu ya mto, hakufika kuvitazama hata mara moja. Alikaa New York akisoma barua.

KIJANA ALIYEONA

Kule darajani Bwana Cooper aliweka kijana wake, injinia Norman McLure, awe macho yake. Mwezi wa Agosti mwaka 1907 McLure aliona jambo lililomtia hofu. Baadhi ya vyuma vikubwa vya chini, karibu na nguzo ya upande wa kusini, vilikuwa vimeanza kupinda. Akaandika barua. Watu wa kampuni wakajibu kwamba bila shaka vyuma hivyo vilitoka kiwandani vimepinda hivyo, wala hakuna hatari. Barua zikaenda, barua zikarudi, na kila siku vyuma vingine vilizidi kupandishwa juu ya mkono ule.

Tarehe 27 Agosti McLure akapima tena. Chuma kimoja ambacho siku chache nyuma kilikuwa kimepinda chini ya inchi moja, sasa kilikuwa kimepinda inchi 2 na robo. Chuma kilichopindwa kiwandani hakiendelei kupinda chenyewe! Msimamizi wa mafundi alipoona hivyo aliazimu kusimamisha kazi. Kisha akabadili nia, wakaendelea. McLure yeye akapanda garimoshi kwenda New York kumwona mkuu wake uso kwa uso.

Alifika tarehe 29 Agosti, karibu na adhuhuri. Bwana Cooper alipomsikiliza alitambua mara moja. Akapeleka simu ya maandishi kwamba daraja lisiongezwe mzigo wowote mpaka jambo hili limefikiriwa vema. Lakini simu ile aliipeleka Phoenixville, kwenye ofisi ya kampuni. Hakuipeleka Quebec, mahali watu walipokuwa kazini. McLure naye, katika haraka ya kuondoka kwenda Phoenixville, hakupeleka simu Quebec. Kule Phoenixville wakubwa waliisoma mchana, wakaona afadhali wazungumze kesho asubuhi.

Kesho ile hawakuipata. Siku ile ile, saa 11 na dakika 37 jioni, watu wakiwa karibu kutoka kazini, vyuma vile vya chini vilikunjika. Mkono wote wa kusini, tani zipatazo 19,000 za chuma, ukaporomoka kwa muda wa sekunde 15 hivi. Kishindo chake kilisikika mpaka mjini Quebec, maili sita kutoka hapo.

Juu ya daraja palikuwa na watu 86. Walikufa 75. Wengine hawakufa palepale, walibanwa na vyuma kando ya mto, na maji yalipojaa jioni ile yakawafunika mbele ya macho ya waliokuja kuwaokoa na wasiweze.

MISALABA YA CHUMA

Katika hao waliokufa, 33 walitoka kijiji kimoja tu, kijiji cha Kahnawake karibu na mji wa Montreal. Ni watu wa kabila la Wamohawk, wenyeji wa asili wa nchi ile, na mafundi hodari wa kupanda vyuma virefu. Wengi wao walikuwa Wakatoliki tangu siku za babu zao. Ndani ya kanisa lao limo kaburi la Mtakatifu Kateri Tekakwitha, binti wa kabila lao, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2012.

Hebu fikiri, msomaji: kijiji kimoja, jioni moja, wanaume 33. Nyumba ngapi zilibaki na mjane? Watoto wangapi walimngoja baba? Makaburi yao yaliwekewa misalaba iliyotengenezwa kwa vyuma vya namna ile ile ya kujengea madaraja. Wamama wa Kahnawake walitoa shauri lao pia: tangu siku hiyo wanaume wao wasiende tena wote pamoja kwenye kazi moja. Watawanyike, hawa huku na hawa kule, ili msiba mmoja usiumalize ukoo mzima. Mafundi wakatii. Wao walikuwa wa kwanza kujifunza kutokana na kosa lile, hata kabla ya wenye vyuo.

WALIVYOULIZWA WAKUBWA

Serikali ya Kanada ikaweka tume ya mainjinia watatu. Walikaa miezi mingi wakihoji watu na kupima vyuma. Mwaka 1908 walitoa taarifa yao, nayo haikumficha mtu. Walisema kwamba vyuma vya chini viliundwa vibaya: vipande vyembamba vilivyovifunga pamoja havikuwa na nguvu ya kutosha. Waliwataja waliokosea, yaani Bwana Cooper mwenyewe na injinia mchoraji wa kampuni, Bwana Peter Szlapka. Walisema pia kwamba pale mahali pa kazi hapakuwa na mtu mwenye elimu na amri ya kutosha kuweza kusema, “Acheni!”

Watu wa Quebec hawakuacha kazi. Walipigwa mnada upya, mainjinia wengine wakachaguliwa, na safari hii walikuwa wengi wakikaguana. Vyuma vinene kama vile vilijaribiwa kwanza kwa kukandamizwa katika mashine. Daraja la pili likajengwa zito kuliko la kwanza mara mbili na zaidi.

Lakini kosa lina watoto. Tarehe 11 Septemba mwaka 1916 mikono miwili ilikuwa imesimama imara, na kipande cha katikati, tani zipatazo 5,000, kilikuwa kikipandishwa kutoka majini kwa mitambo. Kitu kimoja cha chuma cha kalibu, kilichoshikilia pembe ya kipande hicho, kikavunjika. Kipande kizima kikateleza, kikazama mtoni, na watu 13 wakafa. Daraja lenyewe halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika chombo cha kulipandishia. Waliangalia sana kitu kikubwa, wakasahau kuangalia kwa bidii ile ile kitu kidogo kinachokishika.

Wakatengeneza kipande kingine, wakabadili vishikio, na Septemba 1917 wakakipandisha polepole kwa siku kadhaa mpaka kikafika mahali pake. Daraja hilo lasimama hata leo na garimoshi lapita juu yake. Katika madaraja ya namna yake duniani, halijapitwa kwa upana wa nafasi yake.

Tangu mwaka 1925 mainjinia wa Kanada, wanapomaliza masomo, hula kiapo cha kazi na kuvikwa pete ya chuma, isiyo na kito, kwenye kidole kidogo cha mkono wa kuandikia. Wako wanaosema kwamba pete za kwanza zilifuliwa kutoka vyuma vya daraja lililoanguka. Hiyo si kweli. Lakini kazi ya pete ni kweli: kila mara injinia anapoweka mkono juu ya karatasi kuchora, chuma kile hugonga meza, naye hukumbuka kwamba watu watapita juu ya mstari anaouchora.

HATA MAKANISA

Mtu asiseme, “Hayo ni mambo ya chuma na mashine.” Katika mji wa Beauvais, Ufaransa, mababu wa imani walitaka kujenga kanisa kuu lenye dari ya juu kuliko yote. Walifikisha mita zipatazo 48, wakamaliza sehemu ya altare mwaka 1272. Mwaka 1284 sehemu ya dari ikaporomoka. Nguzo zilikuwa zimeachana mno. Wakajenga tena, na safari hii wakaongeza nguzo nyingine katikati ya zile za kwanza. Huo ulikuwa utii mwema kwa somo la kosa.

Lakini wajukuu walisahau. Badala ya kumalizia sehemu ndefu ya kanisa wanakokaa waumini, ambayo ingeegemeza kati ya kanisa, walitumia fedha kujenga mnara mrefu sana, wa mita 153 hivi, uliokwisha mwaka 1569. Mafundi walionya kwamba nguzo zinaelemewa. Tarehe 30 Aprili 1573, siku kuu ya Kupaa Bwana, mnara ukaanguka, watu wakiwa wametoka tu kwa maandamano. Mpaka leo kanisa lile halina sehemu yake ndefu.

KWETU NASI

Wala tusidhani ni mambo ya Ulaya na Amerika peke yake. Tarehe 29 Machi mwaka 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jumba la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, watu 36 wakafa. Tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa zikinyesha, jumba la ghorofa sita lilianguka Huruma, Nairobi, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Katika kila msiba wa namna hii, wapo watu waliobaki na kilio cha Kahnawake.

Basi wewe mwenye kujenga nyumba ya vyumba viwili, au kamati yenu yenye kujenga zahanati, jifunzeni mambo haya kutoka kwa waliokwisha kulipa gharama yake.

Kwanza, ukibadili kipimo, rudia hesabu. Mtu akianza na nyumba ya bati, kisha akaona afadhali ya vigae, ajue kwamba vigae ni vizito. Kuta na kenchi za bati huenda zisivitoshe. Akitaka ghorofa juu ya msingi wa nyumba ya chini, amwite kwanza mwenye elimu autazame msingi ule.

Pili, ujue udongo wako. Udongo mweusi wa mbugani hufura wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na nyumba iliyo juu yake huinuka na kushuka kama mtu apumuaye. Chimba mpaka upite udongo huo ufikie ulio mgumu, na upande mmoja usiwe juu juu kwa kuwa jua limekuchwa.

Tatu, usiibie zege. Saruji haishiki kwa kukauka. Hushika kwa kukaa na maji, kwa hiyo zege lililomwagwa lifunikwe na kunyweshwa muda wa siku saba angalau. Lakini wakati wa kuchanganya, maji yakizidi ili zege liwe laini kwa koleo, litakuwa na vitundu ndani na nguvu yake itapungua. Mchanga wa pwani wenye chumvi hula nondo polepole. Kazi yapendeza nje, kumbe ndani nondo zinaoza.

Nne, ufa ni barua. Usiupake chokaa kabla ya kuusoma. Chora mstari wa penseli pale unapoishia, andika tarehe ukutani. Baada ya mwezi tazama tena. Ukiwa umesimama, huenda nyumba imekaa mahali pake. Ukiwa umepita mstari, fanya kama McLure alivyofanya, lakini kwanza toa watu ndani. Yeye alipanda garimoshi na kuwaacha watu juu ya daraja.

Tano, mtu mmoja mahali pa kazi awe na ruhusa ya kusema “Acheni”, na akisema waache. Ni afadhali kupoteza siku tatu kwa hofu isiyo na sababu kuliko kungoja mkutano wa kesho asubuhi.

CHINI YA MWEMBE

Mama yule alipokwisha kusema, kulikuwa na kimya kirefu. Kisha mzee mwenyekiti akajibu, “Mwanangu, kosa si lako. Ni letu tuliokufanya uogope.” Fundi naye, ndiyo sifa yake, akasimama akasema mbele ya wote, “Ni kweli. Niliacha kuchimba. Nilidhani mahali padogo vile hapatadhuru.”

Siku ya pili watoto walitolewa darasani, wakasomea chini ya mwembe. Wazazi wakategemeza paa kwa miti, wakabomoa pembe ile, wakachimba futi tatu zaidi mpaka wakagonga udongo mwekundu mgumu. Michango ya mavuno mazima ikaingia katika shimo lile, na wako walionung’unika. Fundi alifanya kazi ile bila ujira.

Kazi ilipokwisha, mwenyekiti alimwita mwalimu alete daftari la kamati. Akamwambia aandike yote: kosa lilikuwa lipi, nani aliliona, jinsi lilivyosahihishwa na gharama yake. Mmoja akauliza, “Mzee, mbona tunaiandika aibu yetu?” Mzee akasema, “Tutakufa, na hawa watoto watajenga darasa la pili. Afadhali waikute aibu yetu katika daftari kuliko kuichimba upya ardhini.”

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale wa kijiji kile walijenga ukuta, lakini hawakumzika mtoto. Je, ndugu msomaji, nyumbani kwako, shuleni kwenu, kanisani kwenu, hakuna ufa uliopakwa chokaa mwaka jana? Nenda leo ukautazame, na penseli mkononi.